Bisibisi Kwenye Kopo la Vijiko

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama utacheka basi ucheke kwanza umalize ndipo uendelee kusoma, maana jambo lenyewe ukilisikia kwa mtu mwingine ni kichekesho kitupu lakini mimi mwenzio limenikaa kooni. Mimi ni mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja wa kike ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, tunamwita Chiriku kwa ajili ya makelele yake, na shuleni sikufika mbali kwa hiyo nukta zikikosekana unisamehe.

Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha magodoro, anakata sponji kutwa, jioni anarudi ana vipande kwenye nywele kama kifaranga aliyetoka kwenye yai sasa hivi. Kazi hiyo anaifanya ili tule, lakini moyo wake uko nyuma ya nyumba, kwenye banda la mabati alilolijenga kabla hajanioa. Humo kuna meza nzito ya mbao, jiliwa la kubania vitu, randa, patasi, koleo, na kila chombo kina msumari wake ukutani na nyuma yake amechora umbo lake kwa penseli, ukitoa nyundo unaona nyundo ya penseli imebaki pale pale inakungojea uirudishe. Hajawahi kupoteza hata koleo. Watu wanamletea pasi, feni, redio, viti vilivyovunjika, anavitengeneza kwa kupenda tu, huyu atampa asante, yule atampa maneno, yeye yote sawa.

Zamani kabla ya mtoto jioni tulikuwa wote humo. Mimi nilikuwa mshika tochi. Ananiambia, "Sogea kidogo, hapo hapo, sasa usipumue," na mimi kweli sipumui, mpaka ananicheka, "Pumua basi mke wangu, nilikuwa natania, utanifia hapa waseme nimekuua kwa feni." Akiwa anakaza skrubu ndipo ananisimulia mambo ya kazini na ya utotoni kwao, mambo ambayo ndani hayasemi, maana mume wangu, mshauri, mdomo wake unafunguka mikono ikiwa na kazi, ukimweka kwenye kiti mikono mitupu anakuwa kama mgeni anayesubiri kuaga.

Chiriku alipozaliwa akasema bandani si mahali pa mtoto, kuna misumari, kuna risasi ya kulehemu inayeyuka, kuna vumbi la msasa, na ni kweli, simlaumu. Lakini hakusema mimi nikae wapi. Basi nikabaki jikoni na mtoto mgongoni, yeye huko nyuma, katikati yetu ukuta na bati, na namsikia akiongea na vitu anavyotengeneza, ndiyo tabia yake, anasema, "Haya bibi, tulia, najua inauma, tunamaliza sasa hivi." Anaiambia pasi! Mshauri, nimewahi kusimama na mwiko mkononi nikaona wivu na pasi ya jirani.

Sasa siku moja kigoda changu cha jikoni kikalegea mguu, na hiyo ya kwanza naapa kililegea chenyewe. Nikamwita, akaja na bisibisi na gundi, akakaa chini sakafuni, mimi nikashika mguu wa kigoda yeye anakaza, Chiriku akawa anamvuta sikio, na mume wangu akaanza kuongea. Akanisimulia habari za msimamizi wao aliyelala juu ya magodoro ya mteja mpaka akapakiwa nayo kwenye gari. Nilicheka mpaka nikaachia mguu ikabidi tuanze upya. Alipomaliza akaondoka, jikoni kukawa kukubwa.

Kesho yake nilikaa nautazama ule mguu wa kigoda. Mshauri, shetani hakunisukuma, nilijisukuma mwenyewe. Nilichukua kisu cha kumenyea nikaingiza ncha kwenye skrubu nikaizungusha kidogo tu. Jioni nikamwita, "Baba Chiriku, kile kigoda tena." Akaja. Baada ya hapo ikawa mpini wa sufuria, ikawa waya wa redio niliuchomoa, ikawa bawaba ya kabati la vyombo. Akitaka kupeleka kitu bandani nasema, "Aa, nitengenezee hapa hapa, nakihitaji sasa hivi," na yeye anakaa chini na mimi namshikia. Nilikuwa najipaka mafuta kabisa kabla sijamwita, kama binti anayekwenda kuchumbiwa, kumbe nakwenda kushika mlango wa kabati.

Ile bawaba ndiyo iliyoniponza kwa sababu nililegeza ile ile kila mara, ndiyo ilikuwa rahisi. Siku hiyo akaitoa skrubu akaigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniangalia, akaiangalia tena. Akasema, "Mama Chiriku, mlango huu una nini?" Nikasema, "Labda skrubu za siku hizi ni mbovu." Akasema, "Labda." Akakaza bila hadithi, akaondoka.

Kesho yake nikakuta bisibisi ndogo yenye mpini mwekundu imesimama kwenye kopo langu la vijiko. Nikajua ameisahau. Na mimi kwa ujinga wangu nikaona afadhali, maana kisu kilishaanza kupinda ncha, basi mara iliyofuata nikatumia hiyo hiyo bisibisi yake.

Alipokuja safari hiyo hakukaa chini. Alisimama akaitazama bawaba inaning'inia, akatazama kopo la vijiko, akasema taratibu, "Nyumba hii imekataa mkono wangu." Akaikaza akaenda kunawa. Tangu siku hiyo bandani haingii. Cherehani ya jirani ameirudisha ikiwa vile vile imekwama. Anakaa sebuleni na mimi jioni yote kama nilivyokuwa naomba, mikono juu ya magoti, namuuliza habari za kazini anasema nzuri. Yupo hapa naweza kumgusa, lakini mshauri nilikuwa naye zaidi nilipokuwa namsikia kupitia bati.

Wifi yangu, dada yake, alikuja akamkuta amekaa, akapiga vigelegele. "Hongera wifi! Wenzio wanawatoa waume zao baa hawawezi, wewe umemtoa bandani!" Nikamvuta nje nikamweleza ukweli wote. Akashika kiuno. "Ulegeze wewe mpaka kaka yangu aone mikono yake imeisha? Nyamaza kimya. Ukimwambia atakuona mchawi. Sema mlango umepata moto wa jiko umejikunja, basi." Lakini sasa fundi baiskeli wa pale kona ametuletea habari kwamba atakuja mwisho wa mwezi kuchukua jiliwa na meza na vyombo vyote, mume wangu amemwambia njoo na mkokoteni. Nimeingia bandani yeye akiwa kazini, nimeziona zile nyundo za penseli ukutani, nikawaza vyombo vikishaondoka yatabaki maumbo tu, nikalia mpaka Chiriku akaanza kulia na yeye hajui analilia nini.

Mume wangu anaamini kazi yake haikai, na mimi ndiye niliyemwaminisha. Nikisema atanionaje? Nikinyamaza fundi baiskeli anachukua. Sikutaka kitu kikubwa, nilitaka kushika tochi. Nisaidie nifanyeje.

Ni mimi, Mama Chiriku

*

Mama Chiriku, nimecheka kama ulivyoniruhusu, nimemaliza, sasa vuta kigoda tuongee, kama bado kina miguu.

Nianze na ulichoniandikia bila kukisoma. Umeniambia mumeo amechora kila chombo ukutani na hajawahi kupoteza hata koleo. Halafu mistari michache mbele unaniambia amesahau bisibisi kwenye kopo la vijiko. Mwanangu! Mtu wa namna hiyo hasahau bisibisi. Aliiweka. Skrubu iliyozungushwa kwa kisu kichwa chake huwa kama mkate uliogugunwa na panya, na mumeo aliiona dirishani, ndiyo maana alikuangalia, akaiangalia tena. Alijua siku ile ile.

Hakukugombeza, hakukuumbua. Alikuuliza kwa njia yake, maana umesema mwenyewe mdomo wake hauko mdomoni uko mikononi. Alikuwekea bisibisi, kama kusema: mke wangu, najua, niambie kuna nini. Na wewe ukamjibu nini? Ukaichukua ukalegeza bawaba. Hapo sikucheka.

Sasa rudia maneno yake. "Nyumba hii imekataa mkono wangu." Wewe umesikia fundi anayetilia shaka ufundi wake. Mimi nasikia mume. Anayetilia shaka mikono yake huiuliza skrubu, huiuliza gundi, hasemi nyumba. Nyumba ni wewe. Anadhani unavunja anachotengeneza kwa sababu umelichukia banda, umechoka na mwanamume wa misumari na vumbi, na kwa kuwa hujui kulisema unalisema kwa mabawaba. Kwa hiyo anakupa anachodhani unakitaka. Anamwita fundi baiskeli achukue vyombo ili yeye abaki na wewe. Naweza kukosea, simjui mumeo, nimemjua kwa barua yako tu. Lakini mwanamume anayekuchukia hakai sebuleni jioni yote mikono magotini akijaribu kuwa mtu wa sebuleni.

Kwa hiyo wifi yako mpe chai, ushauri wake mwachie mwenyewe. Mlango wa kabati haujapata moto wowote. Uongo mwingine sasa ndio utakaomfanya akuone mchawi.

Na baba Chiriku, kama umesimama nyuma ya mkeo unasoma kupitia bega lake, nawe una lako. Ulimtoa bandani kwa ajili ya mtoto, sawa, ulifanya la baba. Ukasahau kuwa uliyemtoa hakuwa mshika tochi tu. Ungeweka mdomo mahali ulipoweka bisibisi, leo tusingekuwa hapa.

Sasa Mama Chiriku, sikiliza, na usiongeze mapambo yako. Usingoje mwisho wa mwezi, fanya leo akirudi kutoka kazini. Sponji mtolee kwenye nywele, huo si wakati wa hotuba. Kisha mpeleke mtoto kwa wifi, naye apate kazi ya kufanya badala ya vigelegele. Chukua ile bisibisi ya mpini mwekundu, mshike mumeo mkono, mwende bandani. Usianze kulia, ukilia atakubembeleza na maneno yatapotea. Tafuta ukutani umbo la hiyo bisibisi, iweke kwenye msumari wake mwenyewe, halafu sema hivi: "Nilikuwa nalegeza kwa sababu nilikutamani. Nilitaka uje ukae karibu yangu." Ukomee hapo. Usimweleze habari za skrubu za siku hizi. Akikasirika mwache akasirike, ana haki ya jioni moja ya hasira, na wewe ukae hapo hapo mpaka iishe.

Akitulia mwombe mrudi jikoni mkaitengeneze ile bawaba. Tundu lililolegezwa mara nyingi halishiki tena hata ukaze kwa nguvu za tembo, litajazwa kijiti na gundi kwanza, liachwe likauke, ndipo skrubu irudi. Yeye anajua. Wewe shika mlango na usipumue.

Fundi baiskeli mpelekee habari wewe, kwa miguu yako, si kwa kumtuma mtu: mkokoteni usije. Na cherehani ya jirani uifuate, umwambie jirani kuwa fundi wake amepona.

Lililobaki ni mahali pako, na hili usiliombe kwa kisu tena. Mtoto na risasi ya moto havikai pamoja, hapo mumeo hakukosea. Lakini banda lina mlango, na kwenye mlango hapatui cheche. Abanie ubao mfupi kizingitini wa kumzuia mtoto asiingie, Chiriku akae upande wako na makelele yake, tochi inafika. Mwambie katika banda lile kila kitu kina umbo lake, nyundo inalo, koleo linalo, hata bisibisi iliyotoroka inalo. Kisha kiweke kigoda chako chini pale mlangoni, ukikalie, umpe penseli, umwambie achore.