Bila Kutoa Sababu

Shosti, leo bosi wangu wa utafiti kaumbuka mchana kweupe!

Nilikuwa namsomea mama mmoja fundi cherehani fomu ya ridhaa kabla ya kumtoa damu: "Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu."

Mama akashusha mkono wa gauni. "Haya, nimejitoa."

Bosi akaruka: "Kwa sababu gani?"

Yaani KWA SABABU GANI! Na fomu kaiandika mwenyewe!

Akaninong'oneza, "Andika hakuelewa."

Mama kamsikia. "Mwanangu, mimi nimeelewa. Asiyeelewa ni huyo aliyeiandika."

Benchi zima la waliokuwa wakisubiri zamu likacheka, na wengine wanne wakajitoa palepale.

Basi nimeandika "hakuelewa" kama nilivyoagizwa. Ila kwenye nafasi ya jina nimejaza la bosi.