Kichwa cha Ansima

Jumamosi, 13 Septemba

Wateja wawili leo, wote kabla ya mvua. Wa kwanza alitaka misuko midogo midogo ya kwenda nayo harusini. Mgongo umekwisha. Wa pili alikuwa bado kwenye kigoda nilipomwona Ansima mlangoni akijikuna nyuma ya sikio kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayewaza. Nimesuka vichwa vya watu hapa Cimpunda miaka kumi na tisa. Najua mkuno wa mba na mkuno wa jasho. Ule haukuwa wa mba wala wa jasho.

Mteja alipoondoka nikamvuta Ansima kwenye mwanga. Chawa. Mayai yamebandikana kwenye nywele za kisogoni kama ufuta kwenye mkate.

Ni mtoto wa dada yangu mdogo, Nabintu. Ana miaka tisa. Jirani yao wa Kamanyola ndiye aliyemleta siku nne zilizopita, baada ya kulala wiki nzima kwenye ukumbi wa kanisa, watu wamebanana, wote wamekimbia bunduki. Nabintu alibaki nyuma. Alisema anakusanya mahindi yake halafu anafuata. Simu yake haiiti.

Sikumwambia mtu. Msusi mwenye chawa nyumbani ni sawa na mpishi mwenye kuhara.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda misa. Nilifungua misuko ya Ansima. Mistari minane, mama yake ndiye aliyemsuka. Mtoto alihesabu kila mstari ulipofunguka. Mimi ndiye niliyemfundisha Nabintu kusuka, na mpaka leo anaikunja kushoto, vibaya. Nilikasirika peke yangu, halafu nikaona haya.

Wembe ungemaliza mambo kwa dakika kumi. Nikautoa. Alipouona alipanda kitandani, akajibana ukutani, mikono miwili kichwani.

"Musininyoe, Tantine. Maman iko muzima."

Nikabaki na wembe mkononi. Nilikuwa nimesahau kwamba mtoto huyu alikuwepo kijijini kwetu Nyantende tulipomzika mama yetu. Kwetu ukifiwa na mama unanyolewa kichwa chote. Alituona, mimi na Nabintu, tumekaa kwenye mkeka na vipara vyetu. Kwake wembe ni hilo tu.

Niliurudisha mahali pake. Nikamwambia hatanyolewa, mama yake atakuja amkute na nywele zake. Sijui kwa nini niliahidi. Ningeweza kusema tutaona, kama ninavyosema kwa kila kitu.

Jumatano, 17 Septemba

Siki na maji ya ndimu. Nilimpaka, nikamfunga kitambaa, tukasubiri mpaka mchele uive. Machozi yalimtoka kwa ule ukali lakini hakunung'unika. Nikamwosha. Chawa waliolegea niliwatoa, nikafurahi kama mjinga. Asubuhi wengine wanatembea.

Nimechemsha shuka zote. Maji ya bomba hayajaja tangu Jumatatu, nilipanda na bidoni ya maji mara tatu kutoka kwenye chemchemi, kwenye utelezi ule. Nabintu, ukifika utanipa maelezo.

Wateja nawaambia kidole kinaniuma.

Ijumaa, 19 Septemba

Majani machungu ya mubirizi. Niliyachemsha mpaka maji yakawa meusi. Mama alituosha nayo tulipokuwa wadogo, na nakumbuka yalifaa. Labda yalifaa kwa kuwa alikuwa na subira kuliko mimi. Leo hayakufaa.

Saa tano Ansima akarudi kutoka shule. Ametolewa darasani. Ana barua ya mkuu wa shule: arudi tarehe 6 Oktoba, siku ya ukaguzi wa vichwa, akiwa safi. La sivyo anyolewe kipara au abaki nyumbani. Ansima alinisomea mwenyewe, kwa Kifaransa chake kizuri, bila kutetemeka. Kisha akakunja barua mara nne, akaiweka chini ya mto wake.

Sasa mtaa wote unajua. Maman Mapendo, anayeuza makala ya kupikia mlango wa pili, alikuja moja kwa moja, akaniita kwa jina la kazi yangu.

"Maman Tresse, nyoa tu ule mutoto. Batoto bote ba masomo banabanyoaka. Ni nywele tu, zitaota."

Ni kweli. Watoto wa mjini wananyolewa kila mwezi na hakuna anayelia kilio. Lakini mama zao wapo, wanawapigia kelele uani. Nilimjibu vibaya. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimefanya ujinga. Naandika ili nisijidanganye baadaye.

Maman Mapendo alirudi na dawa nyingine: petroli ya taa. Bibi yake aliitumia, chawa wote wakafa siku moja. Na mimi pia nimeisikia tangu utotoni, kila mtu hapa ameisikia. Nikanunua chupa moja barabarani. Sikuinusa vizuri. Siku hizi nani anawasha taa ya petroli? Wanachouza ni petroli iliyochanganywa na mazuti, mafuta ya malori. Nikampaka kichwa kizima, nikafunga sacheti ya plastiki juu, nikamketisha karibu yangu nikikoroga maharage.

Karibu yangu, yaani karibu na mbabula, jiko lenye makala mekundu.

Alisema kichwa kinawaka. Nikamwambia avumilie kidogo. Akasema tena, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Ndipo nikaangalia makala, nikaangalia sacheti. Niliirusha mbabula nje na sufuria yake. Maharage yote matopeni. Nilimwosha kwa sabuni na maji yote yaliyokuwa nyumbani, na hayakutosha.

Ngozi ya kisogo imebabuka, ukubwa wa kiganja. Ningemteketeza mtoto wa dada yangu kwa sababu ya chawa. Ninajichukia leo.

Jumapili, 21 Septemba

Kituo cha afya. Muuguzi alinigombeza mbele ya watu na alikuwa na haki. Alikata nywele pembeni ya kidonda tu, kwa mkasi. Ansima alimshika mkono akauliza kama huko ni kunyoa. Muuguzi akanitazama mimi. Nikasema hapana, ni kupunguza.

Alinieleza jambo ambalo mimi na kazi yangu nilipaswa kulijua. Hakuna jani wala siki inayoua mayai yote. Unalainisha nywele kwa mafuta, unapitisha kitana chenye meno ya karibu sana, unafuta, unapitisha tena. Kila siku. Wiki mbili, kwa sababu mayai yaliyobaki yataanguliwa na lazima uwakute chawa wadogo kabla hawajataga.

Siku kumi na tano mpaka ukaguzi. Wembe ni dakika kumi.

Jumanne, 23 Septemba

Mafuta ya mise, yale meusi ya mbegu za mchikichi. Nyumba nzima inanuka. Nimekigawa kichwa vipande ishirini, kwa mkia wa kitana, kama ninavyogawa kwa misuko. Kila kipande nakishika, nakipaka, napitisha kitana kutoka kwenye ngozi mpaka nchani. Mayai yanayong'ang'ania nayavuta kwa kucha mbili. Kando ya kidonda napita kwa vidole tu. Saa tatu kamili. Ansima anashika sahani nyeupe ya kufutia. Anahesabu waliokufa.

Nimepata mmoja kichwani kwangu. Siandiki zaidi.

Ijumaa, 26 Septemba

Jana kumi na wanane. Leo sita.

Akiwa katikati ya magoti yangu anaongea. Akitazamana nami hasemi kitu. Leo ameniambia kwamba siku ile mama yake alimsukuma juu ya lori kwa kumshika makalio, watu wakacheka. Kwamba alivaa kandambili za rangi mbili tofauti. Kwamba alisema atafika kabla misuko haijachakaa. Ndiyo maana alikuwa akihesabu mistari.

Nimepiga simu ya Nabintu mara saba leo. Sauti ile ile ya mwanamke wa mtandao. Namchukia yule mwanamke.

Jumatatu, 29 Septemba

Mmoja tu, mdogo, wa kuanguliwa juzi. Muuguzi alisema kweli.

Kidonda kimekauka. Maman Mapendo ameleta makala bila kusema neno juu ya petroli, akakaa, akanisaidia kumwaga maji. Nimemsamehe, au nimechoka kumkasirikia, sijui tofauti yake.

Alhamisi, 2 Oktoba

Hakuna hata mmoja. Siku ya pili sasa. Nilipita vipande vyote ishirini mara mbili. Nilikuwa namaliza kipande cha mwisho alipopiga hodi yule jirani wa Kamanyola, aliyemleta Ansima. Alikuwa amerudi kule kutazama nyumba yake.

Hakutaka kuingia. Nikamtuma Ansima kwa Maman Mapendo akamsaidie kupima makala. Ndipo yule mwanamke akasema, akiangalia miguu yake:

"Balimuzikaka, maman. Tangu siku ile ile. Iko mu shamba yake, nyuma ya nyumba."

Risasi ilimkuta akibeba mahindi. Watu waliobaki ndio waliomzika.

Siku ile ile ya lori. Nilipofungua misuko alikuwa tayari chini. Nilipochemsha majani alikuwa tayari chini. Nilipomuunguza mtoto ili nisimnyoe, nisije nikamchulia mama yake, mama yake alikuwa chini karibu wiki tatu.

Ansima akarudi na vidole vyeusi vya makala. Aliuliza mgeni alitaka nini. Nikasema alipita kusalimia.

Jumapili, 5 Oktoba

Siku tatu sijasema. Napika, nafagia. Nimesuka mteja mmoja na nikakosea mgawanyo, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kaka yetu wa Nyantende amejua. Ndugu wamekubaliana: watu wakutane kwake Jumapili ijayo, tulie pamoja, kwa kuwa mwili hauwezi kuletwa. Mimi na mtoto twende tukiwa tumeshanyolewa.

Nilimwomba jambo moja tu, kwamba nimwambie mimi. Akasema basi mwambie. Rahisi kwake, yuko mbali na macho ya Ansima.

Naona nimekuwa mwoga. Sikuwahi kuwa hivi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Amepita. Walimkagua mbele ya darasa, mwalimu kwa penseli mbili, na hawakuona kitu. Wenzake sita walirudishwa. Amekimbia mteremko wote kuja kuniambia, nusura aanguke kwenye mfereji.

Akaomba nimsuke. Mistari minane, akasema, ikunjwe kushoto, ili mama akifika ajue ni yake.

Nilimsuka. Mistari minane, kushoto. Palipokatwa kisogoni niliunga uzi mweusi pasionekane. Vidole vinajua kazi hata kama mwenyewe hayupo. Alilala usingizi kwenye magoti yangu kabla sijamaliza, na nilishukuru, kwa sababu nilikuwa nalia na pua inanitoka kama mtoto.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilijaribu asubuhi. Nilisema, Ansima, keti. Akaketi. Nikamwuliza kama amekula. Alikuwa amekula.

Nilijaribu jioni. Akaanza yeye: anataka kujua mahindi yakikusanywa mapema yanaoza au hayaozi. Nikasema hayaozi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Alikwenda shule, Jumamosi wana masomo mpaka saa sita. Nilimwita Maman Mapendo. Nikakaa kwenye kigoda changu cha wateja, akaninyoa. Hajui kunyoa, amenikata mahali pawili. Tulifagia nywele, tukazichoma. Akataka kubaki. Nikamwambia aende.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilikuwa nimeyaandika hata, kwenye ukurasa mwingine, nikauchana.

Ansima alifika saa sita na robo. Alisimama mlangoni na begi lake mgongoni. Alinitazama kichwa muda mrefu, kutoka sikio hili mpaka lile. Kisha akavua viatu, akaweka begi kwenye msumari wake, akaja akaketi chini katikati ya magoti yangu, mahali pake pa siku zote.

Akapeleka mkono nyuma, akaanza kufungua misuko mwenyewe. Hakuhesabu. Alipofika mstari wa nne vidole vilichoka, nikaendelea mimi.

Nilimnyoa kwa wembe mpya, polepole, nikianzia kwenye paji. Kichwa chake kilikuwa safi kabisa.