Fairi ya Baba

Doha,
Ijumaa, siku yetu ya mapumziko

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, amani iwe nawe. Kabla hujaniuliza yale unayoniuliza kila tukiongea: nimekula, nimelala, na miguu haivimbi tena tangu nibadilishe viatu. Sasa ni zamu yako. Goti linaendeleaje? Ile miwani umeanza kuivaa, au bado imekaa juu ya kabati inatazama watu? Sabina amezaa? Na mvua hapo Ndalu imeingia, au mnayaangalia tu mawingu yakipita kwenda Kitale?

Najua umeigeuza bahasha hii mara mbili tatu ukijiuliza, mtoto ni mzima, simu anayo, barua ya nini tena. Kaa chini, Mama, na miwani uivae, maana hii si ya kusomewa na mtu. Ni jambo ambalo kwa simu ningelilia tu tangu mwanzo hadi mwisho, na usingesikia hata neno moja.

Unaijua kazi yangu, ingawa kanisani unawaambia watu kwamba mimi ni daktari. (Wekesa ameniambia. Usikatae.) Madaktari wa hospitali hii wakimaliza kumwona mgonjwa huzungumza kwenye mashine, nami navaa visikizio, nawasikiliza na kuandika kila neno wanalosema. Chini ya meza nina kikanyagio kama cha cherehani yako. Nikikanyaga, sauti inaenda. Nikiachia, inasimama.

Kwa ajili ya siri za wagonjwa, ofisi yetu imefungwa kila upande. Simu tunaziacha mlangoni kwenye visanduku vyenye kufuli. Kompyuta haikubali flashi, haitumi kitu nje, na hata kuizima hatuna ruhusa, tunafunga skrini tu tukienda nyumbani. Lakini nilipofika mambo hayakuwa hivyo. Siku hizo niliweza kuunganisha simu yangu, nikahamishia humo ule ujumbe wa sauti ambao Baba alinitumia wiki tatu kabla hajatutoka. Ilikuwa bahati, maana simu yenyewe ilikuja kutumbukia kwenye ndoo ya nguo ikafa kabisa. Ile ya Baba nayo Kaka Wekesa aliisafisha yote kabla ya kumpa shangazi. Kwa hiyo sauti ya Baba ikabaki mahali pamoja tu hapa duniani, ndani ya kompyuta ya watu. Niliiandika jina "Baba" nikaificha katikati ya mafaili ya kazi.

Kila asubuhi kabla sijaanza kazi nilimsikiliza. Habari za mahindi, habari za Sabina, kula vizuri, basi ni hayo tu. Akifika hapo nasimamisha. Kilichofuata kilikuwa mchakacho wa mfukoni tu, na wewe unajua Baba na simu, aliitia mfukoni kwanza ndipo akumbuke kuizima. Sikuwa na haja ya kusikiliza mfuko.

Majuzi msimamizi wetu, mama mmoja Mfilipino tunayemwita Madam Grace, akatutangazia kwamba kompyuta zote zitachukuliwa mwisho wa wiki. Kila mtu afute kitu chochote kisicho cha kazi, kisha atie sahihi. Atakayekutwa na vitu vyake mwenyewe, mkataba hautaendelea. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, Mama.

Siku mbili sikugusa kitu. Siku ya tatu nilibonyeza kufuta. Nakuambia waziwazi kwa sababu sitaki uambiwe na mtu mwingine: kati ya kazi na sauti ya Baba, nilichagua kazi. Nilifumba macho nikabonyeza. Nilipofumbua, Baba alikuwa bado yupo, na skrini imeandika kwamba faili hii haiwezi kufutwa. Nikajaribu tena, ikakataa. Nikajaribu kuibadilisha jina, ikakataa. Kuihamisha pia ikakataa. Nilikaa nikiitazama na kumkumbuka Baba kwenye kiti chake siku ya harusi ya Wekesa, gari linapiga honi nje, naye hainuki mpaka amalize chai. Nikaanza kucheka peke yangu, halafu nikaona machozi yamefika kwenye kibodi.

Ikabidi niwapigie mafundi wa kompyuta kwa simu ya mezani. Aliyepokea aliongea Kiingereza chake kizuri tu mpaka akafika kwenye neno faili. Akasema fairi. Mama, hivyo ndivyo Baba angelitamka. Nikamuuliza kwa Kiswahili yeye ni wa wapi, naye akasema ni wa Kitare, mama yake ni wa Bungoma, na mimi je? Nikamwambia Ndalu. Alicheka mpaka nikasikia wenzake wakimuuliza kuna nini. Jina lake ni Wafula. Akasema kwenye skrini yake wameniandika Nerima, vile yule karani wa kitambulisho alivyokosea, lakini hiyo ni Nelima, bana, ni nani amekuharibia jina? Mtu anayebadilisha r na l zote alizo nazo, hiyo moja akaipatia. Tangu nije huku hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuniita hivyo.

Alishuka hadi kwenye meza yangu, mrefu, na sweta juu, maana baridi ya mashine za humu ndani inashinda ya Mlima Elgon. Akatazama kidogo tu.

"Hii fairi haijakataa," akaniambia. "Ni wewe umeifungua na hujaifunga. Kitu ikiwa wazi haiwezi kufutika."

Ni kweli. Kila asubuhi nilikuwa namsimamisha Baba, lakini simfungi. Alikuwa hapo chini ya skrini siku zote, amesimama kwenye dakika ya pili, ananingojea.

Nilimuuliza Wafula kama angeweza kunitolea hiyo sauti kwa njia yoyote. Hakunidanganya. Alisema hata yeye hana ruhusa hiyo, imefungiwa huko makao makuu, na akijaribu tutafukuzwa wote wawili. Kisha akakodoa macho kwenye skrini. Akaniuliza mbona mimi nasikiliza dakika mbiri na fairi ni ya dakika tisa. Nikamwambia zilizobaki ni mfuko. Akaniuliza kama nimewahi kusikiliza huo mfuko hadi mwisho. Nikamwambia bado. "Si kazi yako ni kuandika chenye watu wanasema?" akasema. "Basi andika."

Wenzangu walipoenda kula, nilivaa visikizio, nikachukua kalamu na karatasi, nikaweka mguu kwenye kikanyagio. Nilimwandika Baba vile ninavyowaandika madaktari, neno kwa neno, na r zake zote.

Karatasi haitoki kwenye ofisi ile bila kukaguliwa, kwa hiyo nilimpelekea Madam Grace mwenyewe. Yeye Kiswahili hajui, ikabidi Wafula aitwe amsomee kwa Kiingereza na kuweka sahihi kwamba hamna siri ya mgonjwa. Walipofika mstari wa tatu Madam akamsimamisha. Akauliza, huyu Sabina aliyekataa kula siku mbili na titi limevimba yuko wodi gani? Wafula akamweleza kwa heshima zote kwamba ni ng'ombe. Madam akanitazama, akatazama karatasi, akaomba aendelee kusomewa. Wafula alipomaliza, yule mama alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, akapiga muhuri.

Sasa nisome pamoja nawe. Mwanzo ndio ule niliouzoea:

"Nelima, mwanangu. Huku sisi tuko tu sawa. Mahindi tumepereka Moi's Bridge, rori ikakwama kwa matope, tukasukuma. Sabina amekataa kukura siku mbiri, titi imefura. Wewe kura vizuri huko. Basi ni hayo tu. Ubaki sarama."

Halafu mchakacho. Viatu vyake vya gambuti kwenye mawe ya njia ya jikoni. Halafu akakohoa, Mama, akakohoa hadi nikawa nahesabu pumzi zake. Kikohozi cha aina hiyo nimekiandika mara nyingi kwa maneno ya madaktari, najua kinaitwaje na kinaishia wapi. Mlango ukalia. Halafu nikakusikia wewe.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia ya Sabina."

"Baba Wekesa, mimi siongei ya Sabina. Ya kifua. Mwambie mtoto akuje akuone."

"Akuje aache kazi? Si amefika tu juzi. Hii maneno isitoke kwa mdomo yako, Mama Wekesa. Niahidi."

Hapo pakabaki mchakacho tu. Nilidhani imekwisha, nikaachia kikanyagio, kisha nikakanyaga tena nikasikia kifuniko cha sufuria.

"Na siku ataniuliza, nitasema nini?"

"Sema urisahau."

Ukasema sawa. Ulisema polepole sana, ilibidi nirudie mara tano ndipo niweze kuliandika hilo neno.

Na mwisho kabisa Baba anashtuka: "Kumbe hii kitu bado inashika sauti. Sasa inafutwa namna gani?" Nawe unamjibu, "Mimi najua? Finya hapo." Akafinya. Badala ya kuifuta akanitumia.

Mama, siku ya mazishi nilikuuliza mbele ya watu kama ulijua. Ukasema, "Nilisahau kukuambia, mwanangu." Na mimi nikakujibu kwamba mtu anaweza kusahau kutia chumvi kwenye mboga, lakini hasahau kwamba mumewe anakufa. Nilikuambia hivyo na dada zako wamekaa hapo, nawe ukainamisha kichwa ukafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Nikarudi huku nikakaa miezi miwili bila kukupigia. Nilipoanza kupiga tena nikawa nauliza mvua, nauliza Sabina, nakata. Ulijua ninachofanya, na ulinijibu mvua, ukanijibu Sabina, kila wiki, hukuniambia lolote. Ungeweza kumtaja Baba. Yeye hayupo, angekukasirikia vipi? Hukumtaja.

Nisamehe, Mama. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilikuwa nakulaumu kwa neno ambalo hata halikuwa lako. Baba alilipanga, akakuachia wewe ulibebe. Naye nimemkasirikia kidogo, siwezi kuficha, halafu nikakumbuka alivyosema kula vizuri, hasira ikaisha. Wewe ahadi yake umeitunza kikamilifu. Sasa imetosha, uitue.

Ile faili niliifunga vizuri, nikabonyeza, ikafutika mara moja bila ubishi. Nikatia sahihi. Sikulia. Mkataba wameniongezea, na Disemba nina likizo, nitakuja nikae hadi Mwaka Mpya upite. Karatasi yenye muhuri iko ndani ya bahasha hii. Ni yako, mimi sihitaji nakala, nimeishika yote kichwani na sauti zake.

Barua hii inaletwa na Wafula mwenyewe, anayekuja likizo kwao. Ataiacha Kitale kwenye duka la Kaka Wekesa, na Kaka nimemwonya asiifungue. Wafula akisisitiza kuileta mpaka Ndalu, mpe chai, na usianze kumuuliza ameoa au bado. Nakujua. (Bado.)

Nisalimie Kaka Wekesa na mkewe, na watoto wao ambao naambiwa sasa wananipita kwa urefu. Nisalimie shangazi mwenye simu ya Baba, mwambie aitunze. Nisalimie dada zako wote wawili waliokuwepo siku ile, na uwasomee hapa ili wasikie kwamba nimekosea na nimekiri. Sabina naye mkune shingoni kwa niaba yangu, ameingia kwenye rekodi za hospitali kubwa na hajui.

Jumapili nitapiga baada ya ibada, kama kawaida. Safari hii tusianze na mvua, na tusianze na ng'ombe. Anza na siku ile kifua kilipomshika, uniambie yote mpaka mwisho. Mimi sitasimamisha.

Mwanao, na kwa l, hata kama kitambulisho kinasema vingine,

Nelima