Mgongo wa Baba Mkwe

Jumanne, 3 Juni 2025

Baridi. Mlima Hanang umejifunika, hauonekani. Wagonjwa wanaingia wamejikunja, kila mmoja anasema ni mgongo. Wengine ni baridi tu.

Onesphory wa bodaboda amerudi. Anakaa kwenye pikipiki kutwa, halafu anashangaa kiuno. Nilipomnyoosha mgongo ukalia — ko, ko. Kisha akauliza ni mfupa upi uliovunjika. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote: ni hewa ndani ya maji ya kiungo, kama mtu anapovuta vidole. Hakuna kilichovunjika. Akauliza kama hewa hiyo itaisha. Nikasema hapana, inarudi. Akauliza sasa faida iko wapi kama inarudi. Swali zuri. Nikamwambia faida ni kiungo kulegea, mlio ni kelele tu, na asubuhi afanye mazoezi niliyomwonyesha. Mazoezi hafanyi. Anataka mlio.

Kwenye kibao nimeandika Kairopraktiki na Tiba ya Viungo. Nilisomea Afrika Kusini, kanisa lilinilipia. Katesh nzima hakuna anayelitamka hilo neno la kwanza. Naitwa Mama Mgongo. Nimezoea.

Mzee mmoja wa Nangwa aliuliza kama nitamnyooshea dume lake la kulimia. Nikasema sijasomea ng'ombe. Akasema mgongo ni mgongo.

Alhamisi, 5 Juni

Bernadina, mwalimu wa chekechea, mimba kubwa. Aliuliza kama mjamzito anaruhusiwa. Anaruhusiwa — taratibu, amelala ubavu, na si kila mbinu. Mama yake aliyemsindikiza akauliza kama mtoto atatoka amepinda. Nikasema mtoto hakai mgongoni. Wakatazamana. Sidhani kama wameniamini.

Jioni mume wangu Lameck amerudi kutoka shuleni amechoka, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa: baba anaumwa mgongo tangu mvua kubwa. Hachungi tena. Nikasema amlete kliniki. Akacheka kidogo, akaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Najua kwa nini alicheka. Mimi ni Mwiraqw wa Mbulu, nimeolewa kwa Wadatoga wa Getanuwas. Kwao mkwe hataji jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Hamgusi. Tangu niolewe Mzee hajawahi kusema nami moja kwa moja. Anamwambia mama mkwe, mama mkwe yuko pale pale, mimi nasikia. Najibu kwa njia hiyo hiyo. Tunaelewana kuliko watu wengi wanaoongea. Jina lake sitaliandika hata hapa. Hakuna atakayesoma, lakini mkono wenyewe unakataa.

Kutwa nashika migongo ya wanaume nisiowajua. Wa kwetu, hapana.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa tulikwenda Getanuwas, mimi, Lameck na mtoto wetu Severine. Vumbi tupu njia nzima.

Mzee alikuwa anatoka zizini. Nilisimama kumtazama akitembea — kazi yangu hiyo, siwezi kuiacha nyumbani. Amekonda. Shuka lile jeusi linamning'inia kama limetundikwa. Na mguu wa kulia unaburuza kidole. Alikuwa anajikwaa kwenye uwanja wake mwenyewe, ambao hauna jiwe.

Nikamwamkia kwa mbali, shikamoo baba. Akaitikia akitazama ng'ombe.

Nikamuuliza mama mkwe maswali, naye akamuuliza Mzee, ambaye alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwetu na ameshasikia. Je, akilala maumivu yanapungua? Hapana, yanazidi. Je, usiku anatoka jasho? Mama mkwe akajibu mwenyewe bila kuuliza: anaanika shuka kila asubuhi. Je, miguu? Mzee akamwambia mke wake kwamba miguu ni ya uzee.

Maumivu ya kubeba mzigo huwa yanapungua mtu akilala. Haya hayapungui. Nikasema aende hospitali, apigwe eksirei. Mama mkwe akafikisha. Mzee akafikisha jibu: hospitali ni ya watu wanaokufa.

Tukanywa chai. Abel, kaka yake Lameck, akasema Mzee amechoka tu.

Jumanne, 10 Juni

Kuna jambo. Abel amepiga simu. Wazee wa ukoo wamekaa jana wakazungumza kuhusu mgongo wa Mzee. Walizungumza mchana kutwa, pombe ya asali ikaletwa. Mwisho wakakubaliana kwamba mkono wa mganga si mkono wa mkwe. Nitaweka shuka katikati, mama mkwe atakaa ndani, na haitasemwa nje. Mzee amekubali! Kesho wanamleta.

Lameck akakata simu. Akasema hajawahi kusikia jambo kama hili kwao. Akaniambia, Mama Severine, umewashinda. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

Nikamkumbusha mguu unaoburuza. Akasema ndiyo, na kesho utaunyoosha.

Jumatano, 11 Juni

Walifika kabla sijafungua. Abel, mama mkwe, na Mzee amevaa shuka jipya. Wagonjwa wengine niliwaomba warudi mchana.

Alipanda kitandani mwenyewe, akalala kifudifudi. Mama mkwe akatandika shuka juu yake, kisha akakaa kwenye kona akiangalia kalenda ya parokia. Nikaweka mkono.

Sijui niandikeje hili. Mikono yangu imeshika migongo mingi, haijawahi kusita. Leo ilisita, na yeye naamini alisikia, kwa sababu alishusha pumzi kama anayesubiri mtoto amalize kufunga kamba za viatu.

Chini kidogo ya mabega kuna pingili moja imetokeza nje, kama kifundo. Nikaigonga polepole kwa ncha ya kidole. Mwili wote ukakaza. Nikapima magoti kwa nyundo ndogo ya mpira — miguu iliruka mno, haikupaswa kuruka hivyo. Nikamchoma nyayo kwa pini. Mguu wa kulia hakuhisi kitu.

Nikavuta shuka, nikamfunika vizuri. Nikamwambia mama mkwe, huku namtazama yeye: sitamnyoosha. Kuna kitu kinakula mfupa. Nikiukunja mgongo huu naweza kuukata. Aende hospitali leo.

Mama mkwe hakufikisha neno hilo. Hakukuwa na haja.

Mzee aliketi. Ilimchukua muda. Akavaa viatu vyake vya tairi bila kusaidiwa. Mlangoni alisema, kwa Abel, lakini sauti ilinilenga mimi:

"Anawakunja watu wa barabarani wote. Mimi nimevua heshima yangu kitandani kwake, amenifunika."

Wakaondoka. Hawakwenda hospitali. Waligeuza pikapu kuelekea nyumbani, niliwaona.

Mchana watu walirudi. Mama mmoja akauliza kama kunyooshwa kunaweza kupooza mtu. Nikamwambia ni nadra sana, na ndiyo maana tunapima kwanza, wengine tunawakataa. Akasema basi nimpime vizuri. Nikampima vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Lameck hasemi nami. Ananijibu, lakini hasemi. Kwa chakula alimshukuru Severine, ambaye hakupika.

Nilimwambia kwamba kukataa nako ni tiba. Akauliza ningekuwa nimekataa kama angekuwa ni baba yangu wa Mbulu. Nikasema ndiyo. Akasema ni rahisi kusema.

Ijumaa, 13 Juni

Abel anampeleka Mzee Gitting kesho, kwa Ezekiel, yule anayevuta watu. Kamba kwapani, kamba miguuni, wanaume wawili kila upande.

Nilifunga kliniki, nikachukua bodaboda, nikaenda Gitting mwenyewe. Sikumwambia Lameck. Ezekiel nilimkuta anapura maharage. Mtu mpole, kofia ya sufu, mikono mikubwa. Alinikaribisha kiti. Nikamwomba asimvute Mzee wa Getanuwas atakayeletwa kesho, nikamweleza nilichokiona.

Akaendelea kupura kidogo. Akasema yeye akimkataa, watasema Mama Mgongo amemfunga mikono. Akimvuta akaharibika, watasema ni Ezekiel. Kwa hiyo yeye hapendi chaguo lolote nililomletea. Nikasema hata mimi silipendi.

Mwisho akasema atampaka mafuta ya kondoo tu, taratibu, ili mzee asirudi bila kitu. Kamba hatatoa. Akanipa maharage kwenye mfuko nipeleke nyumbani.

Jumamosi, 14 Juni

Wamekwenda, wamerudi. Abel anasema Ezekiel ni daktari kweli, hana maringo. Sikuuliza kama alitumia kamba. Niliogopa jibu.

Jumapili, 15 Juni

Simu iliita wakati wa misa, nikatoka nje. Mama mkwe. Hajawahi kunipigia yeye. Alisema Mzee ameamka miguu haipo. Alisema hivyo — haipo. Na tangu jana jioni hajaenda haja ndogo, tumbo limejaa.

Nikamwambia asimkalishe. Mtu yeyote asimkalishe. Ng'oeni mlango, mlazeni juu yake, mfungeni na shuka kifuani na mapajani, pikapu iende polepole. Nikarudia mpaka akanirudishia maneno yote.

Ndani nikamgusa Lameck begani. Aliona uso wangu akainuka katikati ya ekaristi.

Tuliwakuta hospitali wakishusha mlango. Ni mlango wa nyumba kubwa, wa bluu. Watu ukumbini walidhani ni maiti, wakavua kofia. Mzee akawatazama mmoja mmoja mpaka wakazivaa tena.

Nesi aliuliza jina la mgonjwa. Nilikuwa peke yangu pale dirishani, Lameck na Abel wameshika mlango. Nikasema ni baba yake Lameck. Nesi akasema jina lake. Nikasema mkwe wangu. Akainua macho, akaniuliza kwa upole kama ninamjua kweli mgonjwa huyu. Nikasema namjua sana. Ikabidi tusubiri Lameck aje alitaje.

Walimwekea mpira wa mkojo. Mzee aligeuza uso ukutani.

Kwenye benchi Abel akasema, mbele ya mama mkwe, kwamba Mzee alitembea kwa miguu yake mpaka siku nilipomgonga na nyundo. Lameck alikuwa amekaa katikati yetu. Nilisubiri aseme kitu. Alifungua chupa ya maji, akafunga.

Jumatatu, 16 Juni

Eksirei imetoka. Daktari ni kijana, jina lake Bonaventura, anaongea taratibu kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Pingili mbili zimeliwa, zimeangukiana, na usaha umekaa kando. Anadhani ni kifua kikuu cha mgongo. Mama mkwe akasema hakohoi. Daktari akasema ugonjwa huu hukaa mfupani, wengi hawakohoi. Dawa ipo, ni ya miezi mingi. Lakini uti wa mgongo umebanwa, inabidi apelekwe hospitali kubwa leo, apigwe kipimo kingine, pengine apasuliwe. Leo, alirudia.

Abel akauliza kama ni nyundo.

Daktari hakuelewa. Lameck akamweleza, kisha akauliza swali lake mwenyewe, polepole, kwa sauti ya darasani: na kama Jumatano angenyooshwa?

Daktari akatazama ile picha tena.

"Nani angenyoosha huu?"

Abel akasema anakwenda kutafuta chai. Lameck akasimama karibu na dirisha, akanipa mgongo. Baadaye akaja, akachukua mkoba wangu kutoka begani kwangu, akaubeba yeye. Hatukuwa na muda wa maneno. Akaenda kufuatilia gari la wagonjwa, ambalo limepeleka mama mjamzito na linarudi.

Sasa ni mchana. Nesi amesema Mzee ageuzwe ubavu mara kwa mara asipate vidonda, na ageuzwe mwili wote pamoja, kama gogo, mgongo usijikunje. Akatuonyesha mara moja, akaitwa wodi nyingine. Mama mkwe mikono yake haina nguvu. Wanaume hawapo.

Nikamwambia mama mkwe ashike miguu. Akashika. Akageuka kuangalia upande wa pili, dirishani, kama Jumatano alivyoangalia kalenda, nikaelewa kwamba ameniruhusu. Safari hii hakuna shuka katikati. Nikamshika Mzee bega na nyonga, nikahesabu, tukamgeuza.

Nikakaa nyuma yake, nimemkinga na mkono asirudi chali.

"Mama Severine," akasema. Si kwa mama mkwe. Si kwa ukuta. "Mkono wako uko wapi?"

"Uko kiunoni, baba."

"Siusikii."

Nikaupandisha. Nikamuuliza kama anausikia hapo. Akasema bado. Nikaupandisha tena, usawa wa kitovu. Bado. Jana jioni pale alikuwa anausikia mkono wa daktari akimpima, mimi nilikuwepo, alisema ndiyo bila kusita. Nikapanda polepole, pingili kwa pingili, mpaka chini ya mbavu.

"Hapo," akasema. "Uache hapo."

Nimeuacha. Naandika kwa mkono mmoja, daftari liko kwenye goti. Mama mkwe bado anaangalia dirishani. Gari halijafika. Nimesogeza vidole chini kidogo, upana wa kidole tu, kuona kama na hapo anausikia.