Ramani ya Gabriella

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefanya! Gabriella alimwachia fundi Cyrille simu abadilishe kioo. Nikamshonea Cyrille shati, naye akaweka ile programu ya kufuatilia. Sasa namwona binti yangu kwenye ramani — kidoti chekundu — na meseji zake nazisoma hapa kwangu. Ana miaka kumi na tisa, ndiye anayepeleka mashono yangu Biwi, kule mjini Lilongwe, na tangu mwezi jana anacheka na simu peke yake. Mimi ni mama. Nikae tu?

Jumanne, 5 Agosti
Programu gani hii! Mtoto kaenda Biwi, ramani inasema yuko Nsungwi, upande mwingine wa mji. Nimejiunguza kidole kwa pasi. Nikampigia. "Niko Biwi, maman, kwa madame wa mashono." Na kweli, huyo madame, mteja wangu, nilimsikia nyuma akidai vifungo. Kidole kimeungua bure, na megabaiti zimekwisha.

Alhamisi, 7 Agosti
Gabriella analalamika simu ina moto, betri haifiki saa sita. Nikamwambia ni jua. Jua! Na sote tumevaa masweta.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeipata. Imetoka kwenye simu yake: "Mupenzi, mardi nitakuya Area 18. Usiambie mutu. Maman akijua ataniua." Mardi, yaani Jumanne, na Area 18 ni kule kule mjini! Nimeshona mkono wa koti nje ndani.

Jumamosi, 9 Agosti
Sikungoja. Nimeenda kwenye mazoezi ya kwaya yake, nikaisoma ile meseji mbele ya wote.  Aliyelia si Gabriella, ni rafiki yake Esperance.

Mjinga mimi! Simu ya Gabriella ni simu ya kwaya nzima, nani hajui? Asiye na simu anaomba, anaandika, anafuta, anarudisha. Mimi mwenyewe juzi juzi niliiomba nimpigie dada yangu aliye Uvira, Congo! Na mama yake Esperance alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

Njiani Gabriella aliniuliza neno moja tu. "Maman, ile meseji we uliisomea wapi?" Nikamwambia tutaongea nyumbani. Hatukuongea.

Jumatatu, 11 Agosti
Esperance kafungiwa ndani, jana hakuimba. Gabriella ananijibu "ndiyo, maman" kama anayehojiwa ofisini. Nimeenda kwa Cyrille aitoe takataka yake — kibanda kimefungwa, yuko msibani. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja hata binti aolewe!

Nataka kumwomba msamaha. Mzazi anaanzia wapi?

Jumanne, 12 Agosti
Kaondoka asubuhi na mzigo wa Biwi. Hakuaga. Saa nane madame kapiga: nguo hazijafika. Nikafungua ramani. Kidoti kiko hapa kambini Dzaleka — hapa hapa nyumbani! Nimezunguka nyumba, nimechungulia chooni, nimeuliza kwa jirani. Hayupo. Nikampigia. Ikalia ndani ya droo ya cherehani yangu.

Ameiviringisha kwenye kipande cha kitenge. Namba ya siri ameitoa, ukigusa inafunguka. Na kikaratasi: "Soma yote, maman."

Sisomi! Nataka kumwambia nimekosa, lakini nimpigie kwa simu gani? Simu zote mbili ninazo mimi. Minibasi mbili zimefika kutoka Lilongwe, zote nimezisubiri barabarani, hayumo. Saa kumi na moja sasa. Nimempigia madame tena, anasema bado hajamwona.

Ramani inasema Gabriella yuko nyumbani.