Tangazo la Saa Moja Kasoro Tano

Jumatatu, 16 Juni

Taarifa yangu ya asubuhi imekwenda hewani. Mpakani shwari. Mpunga wa Bugarama unaanza kuvunwa, ndege wameula kidogo. Kahawa imepoa.

Saa nne, ukumbini, Kamembe. Mradi unagawa vifaa vya kusikia kwa watoto viziwi. Hotuba tatu. Watoto tisa mstari wa mbele tangu saa mbili, hakuna aliyewaeleza wanangoja nini. Wakavalishwa. Picha. Makofi. Kisha mwanamke mwenye kofia ya mradi akapita na katoni, akavivua kimoja kimoja. Eti watapimwa kwanza, wiki nyingine. Nilishika kimoja. Hakina betri.

Nimeandika "vilionyeshwa". Mhariri ameweka "viligawiwa". Nimerudisha.

Jambo moja nje ya hotuba. Mtoto wa kike, Shamimu, miaka minne hivi. Ndege aliingia ukumbini. Mtoto akamgeukia mama yake, vidole vikipigapiga hewani juu ya kichwa. Mama akamchapa mikono. Hakuwa na hasira. Kama mtu anayefukuza nzi. Nikamuuliza kwa nini.

"Radio ilikataza."

Akanitazama vizuri. "Hata sauti yako, maman, inafanana na ya ule muntu wa radio."

Jumanne, 17 Juni

Nimelipata tangazo lenyewe kwenye kompyuta ya studio. Sekunde thelathini, la miaka miwili iliyopita. "Mama, mtoto wako hasikii? Usiongee naye kwa mikono. Ukimzoesha mikono, hatasema kamwe. Funga mikono, fungua kinywa." Sauti ni yangu. Nzuri, ya kuaminika. Nyuma kuna muziki laini.

Nakumbuka karatasi. Ililetwa na mtu wa mradi, nikaisoma mara mbili, tukarekodi, nikaenda kula. Miaka ishirini na miwili nawafundisha wanaoanza kazi: uliza mtu wa pili. Hapa sikumuuliza hata wa kwanza. Nilijiambia hili ni tangazo, si habari.

Linapigwa kila siku saa moja kasoro tano, kabla ya taarifa yangu. Wakati huo napanga karatasi. Sijawahi kulisikiliza.

Najichukia leo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumatano, 18 Juni

Giheke, shuleni. Mwalimu wa watoto viziwi, mwenyewe kiziwi tangu kuzaliwa. Tulizungumza kwa daftari, tukipokezana kalamu. Nikamwandikia maneno ya tangazo. Alisoma, akaiweka kalamu chini. Baadaye akaandika:

"Nilikuwa na miaka tisa nilipojua kwamba nina jina. Kabla ya hapo sikujua kwamba vitu vina majina."

Nikauliza kama mikono inamzuia mtoto kusema. Hapana. Mtoto aliyepewa lugha ya mikono mapema hujifunza na mengine kwa urahisi zaidi, hata kusema, akipata kifaa cha kweli. Asiyepewa yoyote miaka ya kwanza huchelewa, na mengine hayarudi. Akapigia mstari "hayarudi" mara mbili. Kisha: "Nani aliwaambia hivyo?"

Nikaandika: mimi.

Akafunga daftari. Alinisindikiza hadi barabarani.

Alhamisi, 19 Juni

Bugarama, kwa Mama Shamimu. Nyumba iko kando ya mashamba ya mpunga. Wanawake na watoto wanapiga mabati na makopo, ndege wanaruka na kurudi. Hapo ndipo mama alipojua. Alikuwa akimlaza mtoto kando ya shamba, makopo yanalia, mtoto hashtuki.

Wakajitungia ishara zao, wao wawili. Ndege. Maji. Moto. Bibi: kuvuta ndewe ya sikio, kwa ajili ya hereni zake. Alinihesabia, akafika thelathini na moja. Kisha radio ikasema.

"Nilishika kikombe juu," alisema. "Aseme uji kwanza. Anafungua kinywa, hakitoki kitu. Analia. Mimi pia nalia. Siku ya tatu akaacha kuomba."

"Na sasa?"

"Sasa haombi kitu. Hata maji, mpaka nikumbuke mwenyewe."

Nikamaliza kuandika sentensi yake.

Nikawaambia tangazo lilikuwa uongo na sauti ilikuwa yangu. Mama alitazama mikono yake. Bibi, mama wa mume, hereni zile zile, alicheka kwa dharau.

"Weye ulisema ku radio. Basi uende useme tena ku radio. Hapa mu nyumba sauti yako ni kadogo. Majirani banasikia radio, habasikie weye."

Amesema kweli. Shamimu alikuwa ameketi mlangoni, mikono chini ya mapaja.

Ijumaa, 20 Juni

Mkurugenzi wa radio: "Dada yangu, tangazo ni la mradi, si letu. Tukiliondoa watauliza."

Acha waulize, nikamwambia.

Nikampigia afisa wa mradi. Nani aliandika yale maneno? Mtaalamu mmoja aliyekuja kwa siku mbili. Jina halikumbuki. "Lakini ujumbe ulipokelewa vizuri sana, madame!"

Ulipokelewa, ndiyo. Nimeuona umeketi mlangoni. Nilikata simu nikaenda kunawa mikono. Upuuzi, nilikuwa nimeshika simu tu.

Leo asubuhi tangazo limepigwa. Nimelisikiliza lote.

Jumatatu, 23 Juni

Saa moja kasoro tano. Nikamwomba fundi wa mitambo asilipige tangazo, anifungulie kipaza sauti. Akanitazama.

"Maman, mimi nimeenda kunywa chai." Akafungua, akatoka.

Nikasema kwa Kiswahili, kisha Kinyarwanda. Kwamba sauti iliyowaambia wafunge mikono ni hii. Kwamba sikuuliza. Kwamba ni uongo. Ongeeni na mtoto kwa mikono, kwa uso, kwa chochote anachokiona, na muanze leo, msingoje kifaa. Nikasoma taarifa kama kawaida.

Saa tatu nimeondolewa hewani, hadi itakapoamuliwa. Tangazo nalo limeondolewa, hadi itakapoamuliwa. Tumewekwa kwenye barua moja. Sawa.

Simu nyingi. Mwanamume mmoja alinitukana vizuri, kwa mpangilio. Mwanamke mmoja aliuliza tu: wangu ana miaka kumi na moja, je? Nilimpa njia ya kufika Giheke, kwa mwalimu. Sikumwambia lile neno lenye mistari miwili.

Jumapili, 29 Juni

Bugarama. Sikubeba kinasa sauti.

"Tulikusikia," alisema bibi. "Ulikuwa unatetemeka."

"Sikutetemeka."

"Ulitetemeka. Kaa, kunywa chai."

Mama Shamimu anasema mtoto bado hajibu. Akimwonyesha kitu kwa mikono, Shamimu anaficha yake mgongoni. Siku sita sasa. Nilikaa kwenye mkeka. Mpunga wa jirani umekwisha kuvunwa, wao bado wana kipande.

Ndege wakashuka. Mama akanyanyua vidole, akavipigapiga juu ya kichwa. Mtoto akatazama vidole, kisha uso. Alikuwa anangoja kuchapwa. Mama hakushusha. Aliendelea kuvipigapiga.

Shamimu akaokota kopo na kijiti, akaenda ukingoni mwa shamba, akapiga. Yeye hasikii. Alikuwa akiwatazama ndege tu. Waliporuka wote akamgeukia mama yake, vidole juu ya kichwa, kisha kiganja kitupu. Wamekwenda.

Mama akajibu kwa kiganja kitupu.

Kisha mtoto akaomba maji.