Mazoezi ya Wazee wa Fataki

Jumatatu, 5 Machi 2018
Micheline amekubali. Wiki sita za mazoezi mepesi pamoja na wazee waliokimbia vita Fataki, huko Djugu, ambao sasa wanalala chini ya turubai kambini hapa Bunia. Ndiyo kazi yangu ya mwisho chuoni: je, mwili ukitembezwa vizuri, tansiyo, yaani shinikizo la damu, hushuka hata kwa mtu aliyepoteza shamba? Yeye ni asistanti, msimamizi wangu; ametia saini kwamba yeye ndiye mwenye dhamana. Nilimfundisha darasa la sita. Sasa ananisahihisha yeye — na anasahihisha vizuri.
"Muzee, usikuwe mukali," ameniambia. "Hii haiko primaire."
Nimemjibu kwamba si shule ya msingi tu, mwili nao unataka nidhamu.

Jumatano, 7 Machi
Siku ya kwanza. Wamekuja wengi kuliko nilivyotarajia, hata dada yangu Scholastique, ambaye tangu afike hatoki ila kupokea chakula. Micheline amewapima tansiyo. Mimi nimewapanga mistari minne. Sipendi watu waliotawanyika.
Kanyere, mwanamke wa Butembo anayeuza mandazi penye lango la kambi, amecheka sana. "Bazee ya Fataki iko najifunza danse!"
"Kuja na weye," Scholastique amemjibu. "Hiyo makalio itapungua."
Mabega yao ni magumu kupita kiasi. Nitaleta fimbo: kuinua kwa mikono miwili, kushusha taratibu. Micheline alipendekeza vitambaa. Kitambaa hulegea.

Ijumaa, 9 Machi
Fimbo zimefaa. Zote urefu mmoja, nilizikata mwenyewe. Tumeinua kwa pamoja, nami nikihesabu kwa sauti ya uwanja wa shule. Baada ya mazoezi Scholastique amejifunga kilemba kwa mikono yake. Juzi alifungiwa na mjukuu wake. Micheline aliona, akaniangalia. Imetosha.

Jumapili, 11 Machi
Baada ya misa Kanyere ametuita pembeni. Hakuwa na mzaha. Watu wa mtaa wa jirani wanasema tunafundisha watu wa Djugu vita. Mistari, fimbo, moja-mbili kila asubuhi. Wamekwenda kuwaeleza askari.
Nilicheka. Nusu ya wazee wetu hawana meno!
Micheline hakucheka. "Muzee, bataangalia fimbo. Habataangalia mvi."
Ni kweli kwamba akishikwa mtu, atashikwa yeye: saini ni yake. Amesema kesho hakuna fimbo, na tusimame duara. Nimekubali. Lakini kuacha, hapana. Kazi hii ni safi na tutaieleza kwa yeyote atakayeuliza.

Jumatatu, 12 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi ya Kanyere. Askari walifika kabla yetu. Wazee wamejifungia ndani ya turubai. Fimbo zimekusanywa, zimelazwa chini mbele ya komanda wao.
Ameuliza, "Nani iko mwalimu hapa?"
"Ni mimi," nimesema.
"Iko mimi," amesema Micheline, papo hapo.
Komanda ametuangalia kwa zamu. Anataka mmoja, aende naye kambini kwao akaeleze. Nimesema fimbo nilikata mimi. Micheline amesema saini ni yake. Nimemwamuru aende nyumbani, kwa sauti ileile ya darasani. Hakusogea.
"Muzee, weye ni mwanafunzi. Nyamaza kidogo."
Nimetii.
Komanda yuko pembeni anaongea kwenye simu. Tumeambiwa tuketi. Micheline ananishika kifundo cha mkono, anasikiliza mapigo. Anasema nivute pumzi kwa pua. Navuta.
Scholastique ametoka. Anakwenda moja kwa moja kwa askari aliye karibu, anamuuliza kwa nini mazoezi hayajaanza.
"Mama, rudi ndani."
"Ndani siye tunagandama, mutoto yangu. Acha tunyooshe miguu."
Wengine wanatoka nyuma yake. Mmoja, kisha wote. Hakuna aliyewaita. Wanakwenda uwanjani mikono mitupu — na wanajipanga. Mistari minne, imenyooka, kila mtu mkono mmoja kutoka kwa jirani yake. Sijawahi kuona darasa lililojipanga vizuri hivi.
"Yezu," amesema Micheline. "Duara, muzee. Baambie duara."
Komanda amekata simu. Anaitazama mistari, kisha ananitazama mimi. Wazee nao wananitazama, wanasubiri nianze kuhesabu. Nasimama niwaambie duara —